Sahani ya Dirishani

Kila asubuhi, kazi ya kwanza ya Héritière ilikuwa kuitoa sahani ya baba dirishani. Aliishika kwa mikono miwili, akaondoa kisahani kilichoifunika, akampa mdogo wake Exaucé ale. Kisha aliiosha, akaifuta, akaiweka mezani ili mama apakulie humo tena jioni. Hakuna aliyemwagiza. Aliifanya kazi hiyo bila kufikiri, kama mtu anayepiga mswaki.

Desturi hiyo ilianza wakati baba yake, Ignace, alipokuwa mlinzi wa usiku katika ghala moja katikati ya jiji la Johannesburg. Alikuwa akitoka kazini alfajiri, akizipanda ngazi za jengo lao la mtaa wa Yeoville huku akipiga mluzi, na akifungua mlango tu, anauliza, "Sahani yangu iko wapi?" Mama Marthe alikuwa amempakulia tangu jioni, kipande kikubwa cha nyama kikiwa chake, akaifunika na kuiweka kwenye ukingo wa dirisha. Wao hawakuwa na friji. Ile iliyokuwa katika jiko la pamoja ilikuwa ya mwanamume aliyewapangisha chumba, naye aliifunga kwa kufuli utadhani ndani mna dhahabu. Lakini baridi ya Johannesburg haina mchezo, na miezi ile ya baridi dirisha lilikitunza chakula vizuri.

Baba alifariki mwezi wa Juni. Aligongwa na gari akivuka barabara penye robot, yaani taa za barabarani, akitoka kazini. Jioni iliyofuata mazishi, mama alipika foufou, ugali wa kwao Kongo, akapakua sahani nne kama kawaida, akaifunika ya nne na kuipeleka dirishani. Héritière alimwona, akampisha njia. Asubuhi Exaucé, aliyekuwa na umri wa miaka minne, alikila kile chakula, kwa sababu kwao chakula hakitupwi. Tangu siku hiyo ikawa hivyo.

Héritière hakulia mazishini. Watu wa kanisa walimsifu wakisema ni mtoto jasiri. Haukuwa ujasiri. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, basi. Shuleni alijibu maswali alipoulizwa, nyumbani alifagia alipotumwa, na rafiki yake Murielle alipomtania, alicheka kwa kuchelewa kidogo. Alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuona kitu cha kumfurahisha wala cha kumuudhi.

Kisha likaja joto. Shule zilifungwa mwezi wa Desemba, na pamoja nazo kikafungwa chakula cha mchana ambacho wanafunzi walipewa shuleni: ugali, ambao huko huitwa pap, pamoja na maharage au samaki wa kopo. Kwa mama Marthe, aliyekuwa msusi, wiki za kabla ya Krismasi zilikuwa nzuri. Kila mwanamke wa Johannesburg alitaka kusafiri na nywele mpya. Baada ya Krismasi jiji likabaki tupu. Wateja walikuwa makwao, Limpopo au Durban, wakizionyesha nywele zao kwa bibi zao. Mama alishinda kwenye benchi la saluni akifukuza nzi, akarudi jioni na kifurushi cha unga na fungu la mchicha, ambao Wakongo huuita lenga-lenga.

Kilichowaokoa watoto ni jiko la likizo. Lilikuwa katika kanisa moja lililohamia ndani ya jengo la zamani la sinema, mitaa michache kutoka kwao. Msimamizi wake alikuwa Monicah, Anti au Tantine kwa watoto, Mkenya aliyefanya kazi benki, ambaye badala ya kwenda kwao kwa Krismasi alitumia likizo yake kukatakata vitunguu. Mpishi alikuwa Mkongo aliyeitwa Thérèse, mama mnene, mwenye sauti ya kuamrisha jeshi. Kila mchana Monicah alisimama mlangoni na kurudia maneno yale yale.

"Nawa mikono. Kaa chini. Kula hapa hapa. Begi moja tu ndilo linaloruhusiwa kutoka na chakula kwangu, nalo ni tumbo."

Watoto walicheka kila siku. Hakuna aliyemuuliza sababu ya amri hiyo.

Héritière alikwenda na Exaucé siku nyingine, na siku nyingine peke yake, mdogo wake akibaki saluni na mama. Mama mwenyewe hakutaka hata kupita barabara ile.

"Miye mutu muzima, niende kufanya mustari na batoto?" alisema. "Bantu ya Yeoville itasema nini? Hapana. Weye enda, ukule."

Jioni moja ya Januari, mama alipakua foufou na lenga-lenga. Kwenye sahani ya baba aliusogeza mchicha pembeni, akaacha nafasi katikati, mahali ambapo siku zote alikuwa akiweka nyama. Akaitazama nafasi ile. Mwiko ulibaki hewani mkononi mwake. Kisha akaifunika sahani na kuipeleka dirishani.

Héritière aliiona nafasi ile, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alitaka kitu. Alitaka mama asiitazame tena.

Kesho yake jiko la likizo lilikuwa na kuku na wali. Exaucé alikuwa saluni na mama. Thérèse alimpakulia Héritière paja zima. Héritière alikula wali wote, akaangalia huku na huku, akalitia lile paja ndani ya kopo la plastiki la siagi alilokuja nalo, akalifunga na kulisukumiza ndani ya begi lake.

"Eish, wewe!" Murielle alimnong'oneza. "Anti Monicah akikuona, mimi sikujui."

"Nyamaza," alisema Héritière. "Si la kwangu."

Alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, lakini mvua za kiangazi za Johannesburg hazimwulizi mtu ratiba yake. Mbingu zilijikunja zikawa nyeusi, radi ikapasua, na mvua ya mawe ikaanza kuyapiga mabati. Monicah aliufunga mlango.

"Hakuna mtoto anayetoka kukiwa na radi," alisema. "Ondokeni karibu na madirisha. Na ninyi mnaopenda kujikinga chini ya miti pale bustanini, nikisikia tena, nitawavuta masikio. Radi hupenda miti."

Wakakaa. Waliimba, wakacheza michezo ya kupiga makofi, wakaimba tena. Ndani kulikuwa na joto la watu na la majiko. Héritière alilipakata begi lake, akalisikia lile kopo likiwa bado vuguvugu mapajani mwake. Walipoachiwa kutoka, alasiri ilikuwa imekwisha.

Nyumbani, mama alipopakua, Héritière alilitoa paja la kuku na kuliweka katikati ya sahani ya baba. Lilijaa pale pale penye nafasi.

"Imetoka wapi hii?" mama aliuliza.

"Wamenipa kule kanisani, Mama. Wamesema nilete."

Nusu ya maneno hayo ilikuwa uongo, naye alijua ni nusu gani. Lakini mama alitabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la upande mmoja wa mdomo, na Héritière hakuwa ameliona tangu Juni. Exaucé alinyoosha mkono.

"Hiyo ya papa," mama alimwambia, akaifunika sahani.

Usiku ule ulikuwa wa joto. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya juu, chini ya paa, na kuta zilikuwa zimelinywa jua la siku nyingi. Walilala bila shuka.

Asubuhi Héritière aliitoa sahani dirishani kama kawaida. Alipokiondoa kisahani, alisikia harufu kidogo, ya uchachu. Aliisikia vizuri kabisa. Lakini ilikuwa kama mambo mengine yote ya miezi ile, yalimfikia na kumpita. Akampa Exaucé. Mtoto alikula mpaka akauramba mfupa, akamshukuru dada yake kwa mdomo uliojaa mafuta.

"Merci, yaya," alisema, yaani asante, dada.

Kabla ya mchana Exaucé alikuwa akitapika. Halafu tumbo likamwendesha, tena na tena, mpaka akashindwa kusimama. Midomo ilimkauka na macho yakazama. Mama alimfunga mgongoni kwa kitenge, wakakimbia hadi kliniki, Héritière akifuata nyuma na ndoo ndogo mkononi.

Kliniki nesi alizungumza Kiingereza na Kizulu. Mama hakukijua kimoja wala kingine vya kutosha. Kama watoto wengi wa Kikongo waliokulia Johannesburg, Héritière ndiye alikuwa mdomo wa familia. Benki, shuleni, kwa polisi, ni yeye. Alisimama katikati ya mama na nesi.

"Muulize mama, mtoto alikula nini tangu jana?" nesi alisema.

Mama alijibu bila kusita. "Mwambie alikula kuku ya kule kanisani. Kuku yao njo ilimufanya hivi. Mwambie!"

Héritière akafungua mdomo. Alijua kuhusu begi, na mvua, na dirisha, na ile harufu. Akatafsiri.

"Mama anasema alikula kuku wa jiko la kanisa, na kuku huyo ndiye aliyemfanya hivi."

Hakubadilisha neno hata moja. Nesi alikunja uso. Alisema kwamba jiko lile linalisha watoto wengi sana, na kwamba angewapigia simu wasitoe chakula mpaka ijulikane kosa liko wapi. Kisha akamgeukia Exaucé. Alimnywesha maji yenye chumvi na sukari kwa kijiko, kidogo kidogo, muda mrefu, mpaka mtoto akaacha kutapika na akaweza kulia kwa machozi. Nesi alifurahi kuyaona machozi yale.

"Mkifika nyumbani mwendelee," alisema. "Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo vinane vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Na kesho mumrudishe nimwone."

Hayo nayo Héritière aliyatafsiri vizuri, neno kwa neno.

Kesho yake asubuhi mama alimtuma spaza, duka dogo la kona, kuongeza sukari. Alimwonya asikanyage tena kule kanisani kwa wauaji. Lakini njia ya spaza ilipita mbele ya kanisa, na Héritière alipofika hapo alisimama.

Mlango ulikuwa umefungwa. Watoto walikuwa wamekaa kwenye ngazi juani. Thérèse alikuwa kando ya pipa la taka, akimwaga sufuria nzima ya maharage aliyokuwa ameyapika tangu alfajiri, kabla simu haijamfikia Monicah. Alikuwa akilia kwa sauti ile ile aliyoitumia kuamrisha.

"Miaka yote hii napika! Harusi, matanga, ubatizo! Sijawahi kuumiza mtoto wa mtu!"

Monicah alisimama karibu naye, simu mkononi. Murielle alikuwa amempakata mdogo wake wa kike. Yule mdogo aliyatazama maharage yakishuka ndani ya pipa, akauliza, "Leo hatuli?"

Murielle alimkumbatia zaidi.

Hapo Héritière alisikia kitu kikimbana kifuani. Kilikuwa kinauma. Aliogopa, kwa kuwa alikuwa amesahau jinsi mtu anavyoumia. Miguu yake ilitaka kwenda spaza. Lakini alitembea akaenda kwa Monicah.

"Tantine Monicah, si kuku wenu," alisema. "Ni mimi. Nilimtia kwenye begi siku ile ya mvua. Amelala dirishani usiku kucha. Asubuhi nilisikia ananuka, na nikampa mdogo wangu."

Thérèse aliacha kulia. Monicah alimgeukia.

"Na kliniki ulisema nini?"

"Nilitafsiri tu. Mama hajui. Nilimdanganya kwamba ninyi ndio mlinipa nilete."

Monicah hakumgombeza. Pengine ingekuwa nafuu kama angemgombeza. Alimpigia nesi simu, akamweleza mwanzo, kisha akamkabidhi Héritière ile simu ili amalizie mwenyewe. Héritière alisema yote. Nesi alisema amesikia, na kwamba jiko liendelee. Akamkumbusha amlete mdogo wake.

"Thérèse, weka maji mengine motoni," Monicah alisema. "Kuna mchele na dengu. Leo mtachelewa kula, lakini mtakula. Na wewe, twende kwa mama yako."

Waliipanda ngazi ya jengo lao baada ya kupitia sukari. Monicah alipiga hodi. Mama Marthe alifungua, na alipomwona, uso wake ukajifunga.

"Umekuja kuangalia kama mutoto wangu amekufa?"

"Nimekuja kumwona, Mama Héritière. Na binti yako ana neno la kukwambia."

Exaucé alikuwa amelala kwenye godoro, mnyonge lakini macho yamefunguka. Héritière alimwambia mama ukweli wote, akiwa amesimama, mfuko wa sukari mkononi. Alipomaliza, mama aligeuka kuangalia dirishani, na wengine wote wakaangalia huko.

Sahani ilikuwepo. Jana yake, pamoja na mbio zote za kliniki, mama alikuwa amepakua tena. Nzi walikuwa wakitembea kwenye ukingo wa kisahani. Monicah alikiondoa.

"Hii ya nani?"

"Ya papa," alijibu Exaucé kutoka godoroni.

Mama alikaa kitandani. "Baba yao alikuwa anakuja asubuhi na njaa," alisema polepole. "Minajua hakuji. Minajua. Lakini jioni mukono inapakua yenyewe. Nikiacha kupakua, ni kama nimemufunga inje." Akajifunika uso. "Kumbe ni miye ninamulisha mutoto uchafu."

"Hukujua," Monicah alisema, akakaa kando yake. "Wakati wa baridi, dirisha lenu lilikuwa friji. Sasa ni kiangazi, na dirisha lile lile ni jiko. Kifuniko kinazuia nzi tu, hakizuii joto. Wakati huu chakula kilichopikwa kikikaa nje zaidi ya saa mbili, usikiamini, hata kama hakinuki. Ndiyo maana sitaki kitoke mlangoni kwangu. Si uchoyo."

Akamgeukia Héritière. "Na wewe ungeniuliza tu, mwanangu. Ungesema, 'Tantine, mama yangu naye hana chakula.' Ningekwambia aje. Jiko ni la familia, si la watoto peke yao. Umeficha kipande kimoja cha kuku, ukaficha na maneno machache, na watoto wote wale wakakaa juani na njaa. Siku ya leo umesema ukweli, ukachelewa, lakini umesema. Siku nyingine usingoje mtu aanguke."

"Ndiyo, Tantine."

Mama aliinuka. Aliichukua sahani dirishani, akakimwaga chakula ndani ya mfuko wa taka na kuufunga. Aliiosha ile sahani kwa sabuni na maji ya moto, akaiosha tena, ingawa ilikuwa tayari safi. Aliifuta kwa ncha ya kitenge. Halafu akaitia ndani ya mkoba wake, akamfunga Exaucé mgongoni.

"Twende," alisema. "Kwanza kwa nesi. Kisha kule."

Walipofika kanisani, Thérèse alikuwa ndiyo anaanza kupakua. Mama Marthe alisimama kwenye mstari, nyuma ya mtoto aliyemfikia kiunoni, na hakuna mtu wa Yeoville aliyesema kitu. Zamu yake ilipofika, aliitoa sahani ya baba kutoka mkobani na kuinyoosha. Thérèse alimtazama usoni, akaijaza wali na dengu, mvuke ukipanda.

Mama aliipeleka mezani akaiweka mbele ya Héritière.

"Mama, hii ni ya papa."

"Papa alikuwa anapenda kula," mama alisema. "Hakupenda chakula kikae. Chakula ni cha mutu mwenye iko hapa, na weye uko hapa. Kula, ingali moto."

Héritière alitia kijiko kinywani. Wali ulimuunguza ulimi. Machozi yakaanza kumtoka, mengi, yale ya Juni na ya miezi yote iliyofuata, yakidondoka mezani na ndani ya dengu. Murielle alisogea akamkalia karibu bila kumtania.

"Inachoma?" mama aliuliza, mkono wake ukiwa mgongoni mwa binti yake.

"Inachoma, Mama," alisema Héritière, akaendelea kula.